Theluji ya Maziwa ya Rosebellah

Rosebellah alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi miwili Riyadh, mtaa wa Suwaidi, siku Lamar alipomfuata jikoni na kumwekea simu mbele ya macho.

"Roza, tazama. Tunaweza kuitengeneza hii?"

Katika nyumba ile hakuna aliyemwita Rosebellah. Jina lilikuwa refu kwa ndimi zao, wakalikata wiki ya kwanza, na yeye akaliacha likatike. Alifuta mikono kwenye aproni, akaitazama picha. Aliona bakuli jeusi lenye kilima cheupe kilichopanda juu kama ugali wa watu sita, na kileleni kitu chekundu kinachong'aa.

"Ni wali?"

Lamar alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa pekee wa nyumba ile, na karibu kila alichokipenda mwaka ule kilitoka Korea: tamthilia, nyimbo, krimu za uso, hata namna ya kusalimia watu kwa kuinama. Alieleza kwamba ile ni bingsu. Wakorea hugandisha maziwa, huyakwangua mpaka yawe laini kama theluji, kisha humwaga juu yake maharagwe mekundu yaliyopikwa kwa sukari. Aliionja dukani na marafiki zake wawili, na sasa alitaka kuwaalika nyumbani Ijumaa awape aliyoitengeneza mwenyewe.

"Maharagwe kwa sukari," Rosebellah alirudia, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Kwao Malava, magharibi mwa Kenya, maharagwe yalijua kitunguu na chumvi, basi. "Na mashine ya kukwangulia?"

"Mama amesema hanunui mashine nyingine. Tutatumia blenda."

Kuhusu barafu, Rosebellah alijua jambo moja au mawili. Kabla ya kwenda Saudia aliuza barafu nje ya shule ya msingi kwa miaka mitano: juisi ya ukwaju au ya maembe, iliyofungwa kwenye vikaratasi vyembamba vya nailoni na kugandishwa katika friza ya jirani. Biashara hiyo ndiyo iliyomlea binti yake, Maureen, mpaka friza ya jirani ikaungua na jirani hakununua nyingine. Hapo ndipo alipoanza kusikiliza habari za maajenti wanaopeleka watu kazini Uarabuni.

Kwa hiyo Lamar alipotoa kwenye friza vipande vya barafu ya maji, vikubwa kama ngumi ya mtoto, na kuvijaza kwenye jagi la blenda, Rosebellah alimzuia kwa mkono.

"Mafi, Lamar, hapana. Ngumu sana hii. Blenda itavunjika."

"Haivunjiki."

"Nakwambia acha."

Lamar alibonyeza. Blenda ilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga moto, ikatoa harufu ya waya unaoungua, kisha ikanyamaza. Jagi la kioo lilikuwa na ufa kutoka chini hadi ukingoni, na maji yalitiririka mezani mpaka sakafuni.

Madam Hessa aliingia akiwa bado amevaa abaya. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na hata nyumbani hakuhitaji kuinua sauti.

"Nani?"

Lamar alitazama sakafu. Rosebellah alimngoja aseme. Alimngoja muda wa kutosha mtu kusema neno moja, na neno halikuja.

"Roza?"

"Samahani, madam."

Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea ya miezi kumi na minne. Madam Hessa alinyoosha kiganja. Alisema Roza siku hizi akili yake iko kwenye simu na si kwenye kazi, kwa hiyo alete simu, atarudishiwa baada ya wiki. Rosebellah aliitoa mfukoni akaiweka kwenye kile kiganja. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi ndiyo siku ambayo Maureen alikuwa akikaa kwa bibi yake na simu magotini, akingoja mama apige.

*

Chumba kilichopakana na jikoni kilikuwa cha mama mzazi wa Madam Hessa. Wote walimwita Yumma, yaani mama, na Rosebellah naye alimwita hivyo. Yumma alikuwa na saratani ya titi. Tangu aanze kutiwa dawa hospitalini, mdomo wake ulijaa vidonda, hata ulimi. Rosebellah ndiye aliyemwogesha, kumvalisha na kumpondea chakula, na ndiye aliyekirudisha jikoni kile chakula kikiwa kizima. Mchuzi ulimuunguza, mkate ulimkwaruza. Hospitali ilimpa unga wa lishe wa kukoroga kwenye maji, akasema una ladha ya chokaa na hakuugusa tena. Alizungumza kidogo sana, kwa sababu kuzungumza kulikuwa kazi yenye maumivu. Lakini mlango wake hakutaka ufungwe. Alipenda kusikia nyumba inaendaje.

Siku ya Ijumaa Rosebellah alikuwa akibadilisha mashuka ya Yumma wakati Lamar alipoingia kumbusu bibi yake kwenye paji la uso. Mikono ya Yumma ilikuwa imebaki mifupa, lakini alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono na hakumwachia.

"Niliwasikia," alisema polepole. "Roza alikwambia acha. Mara mbili. Mwambie mama yako leo, kabla ya magharibi. Usipomwambia nitamwambia mimi, na unajua kila neno linavyoniuma."

Lamar alitoka akilia. Rosebellah aliendelea kukunja mashuka. Yumma alikuwa ameshafumba macho.

Alasiri ile Madam Hessa alikuja jikoni na simu. Aliiweka mezani kando ya vitunguu, akasimama.

"Kwa nini hukusema si wewe?"

Rosebellah angeweza kuomba samahani tena. Alifikiri juu ya hilo. Kisha akasema, "Madam, ungemwamini nani?"

Madam Hessa alivuta kiti, akakiacha bila kukikalia. "Lamar amenieleza yote," alisema mwishowe. "Nilikosea kukuchukulia simu bila kuuliza. Mpigie mtoto wako sasa hivi. Mimi nitaangalia wali."

Rosebellah alienda kusimama uani, karibu na mashine ya kufulia, akapiga. Maureen alishtuka kwanza, maana haikuwa Jumamosi.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna. Nimekumbuka tu sauti yako. Umekula?"

Walizungumza dakika ishirini. Aliporudi jikoni, wali ulikuwa umeshika chini na Madam Hessa alikuwa akiukwangua kwa mwiko, uso umemwiva. Waliula wote hivyo hivyo.

Baada ya chakula Lamar alikuja na macho mekundu. Ule ugeni wa marafiki zake alikuwa ameuahirisha. "Roza, nisamehe. Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," Rosebellah alimwambia. "Nimekusamehe. Lakini siku nyingine nikisema mafi, ni mafi."

"Na bingsu?"

Rosebellah alimtazama mtoto yule, akataka kukasirika, ikashindikana. "Bingsu tutafanya," alisema. "Kwa njia yangu."

*

Njia yake ilianzia kwenye zile barafu za shuleni. Maji matupu huganda yakawa jiwe. Ukitia sukari ya kutosha, barafu inalegea, mtoto anaweza kuing'ata bila kuumia meno. Maziwa yana mafuta, kwa hiyo yatalegea zaidi. Kesho yake alichukua maziwa yenye mafuta yote, akachanganya na maziwa mazito matamu ya kopo, akaonja, akaongeza. Akayamimina kwenye mifuko ya plastiki ya kufunga kwa juu, akatoa hewa yote, akailaza kwenye friza ikiwa bapa, myembamba kama daftari.

"Kwa nini bapa?" Lamar aliuliza.

"Ikiwa nene utahitaji shoka."

Walingoja saa nne. Kila baada ya muda Rosebellah alifungua friza akaifinya mifuko kwa vidole, asiiache igande moja kwa moja. Ilipokuwa imekakamaa lakini bado inakubali kupinda, aliutoa mfuko mmoja, akaufunga kwa taulo, akachukua mti wa kusukumia chapati. Alipiga. Alipiga kwanza kwa adabu, kama anayebisha hodi, halafu akapiga sawasawa, akageuza, akapiga, akaisukuma kwa ule mti huku na huku kama unga wa chapati. Lamar akadai zamu yake. Kelele zikajaa nyumba.

Kutoka chumba cha pili sauti ikasema, "Mnapiga nini?"

"Maziwa, Yumma!"

"Yamefanya nini hayo maziwa hata yapigwe?"

Lamar alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Rosebellah alifungua mfuko, akaumwaga kwenye bakuli lililokuwa limepozwa ndani ya friza. Ilitoka nyeupe, kavu, nyepesi, vipande vidogo kama maganda ya kitunguu saumu, vikaanguka juu ya vingine bila kushikana. Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole. Ilitoweka ulimini kabla hajajua ameiweka.

"Halas, basi," Lamar alinong'ona. "Hii ndiyo yenyewe."

Maharagwe Rosebellah alikuwa ameyaloweka tangu asubuhi, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayachemsha tena mpaka yakaiva kabisa, kisha akatia sukari na chumvi kidogo sana na kuyaacha yanyonye. Aliyaonja akiwa amekunja uso. Hayakuwa mabaya, lakini kwake hayakuwa maharagwe tena.

Walikuwa wanajaza bakuli la Lamar wakati Yumma alipoita tena.

"Leteni niyaone hayo maziwa yaliyopata adhabu."

Rosebellah alitia theluji kidogo kwenye kikombe kidogo cha kahawa, bila maharagwe, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimpa kwa ncha ya kijiko. Yumma alifunga mdomo, na Rosebellah alijiandaa kuona uso ule ukikunjwa kwa maumivu kama ilivyokuwa kila siku. Haukukunjwa. Yumma aliuacha ubaridi ule mdomoni, mabega yakishuka taratibu.

"Kingine."

Alimpa kijiko cha pili, cha tatu. Kikombe kikaisha. Kwa siku tisa Yumma alikuwa akiishi kwa maji na vijiko vya mchuzi uliopoa, viwili au vitatu, na sasa alikuwa akitazama ndani ya kikombe kitupu kama anayeuliza ni nani aliyekimaliza. Rosebellah alikwenda jikoni kukijaza tena. Madam Hessa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alikipokea kile kikombe, akaingia kumlisha mama yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Madam Hessa alimpigia daktari. Daktari alisema maziwa yawe ya pakiti, vyombo viwe safi kabisa, na mama apewe chochote kinachopita kooni. Tangu siku ile friza ilikuwa na rafu ya Yumma. Rosebellah alichemsha vyombo, alifunga mifuko, alipiga. Wiki ya pili akapata wazo juu ya ule unga wa lishe uliotelekezwa kabatini. Aliukoroga ndani ya maziwa kabla ya kuyagandisha, akaongeza tende laini za Riyadh zilizopondwa. Kwa ubaridi ule, ladha ya chokaa haikusikika. Yumma alikula bila kulalamika. Siku ya kupimwa hospitalini muuguzi alirudia kusoma mizani mara mbili, maana uzito ulikuwa umepanda.

Marafiki wa Lamar walikuja baadaye, wasichana wawili wenye kelele. Walipomaliza kupiga picha mabakuli yao, Lamar aliinuka, akamwita Rosebellah sebuleni na kuwaambia wenzake, "Huyu ndiye mwalimu wangu. Jina lake Rosebellah." Alilisema lote. Alikuwa amelifanyia mazoezi.

*

Mwezi wa sita Madam Hessa alimwita Rosebellah, akamkalisha. Mumewe alikuwepo, mtu mpole asiyesema mengi, ambaye ndiye kafili, mdhamini wake kwa karatasi. Yumma alikuwa amebakiza dawa mara tatu. Alitaka kuzimalizia Jeddah, kwa binti yake mkubwa, Madam Munira, ambaye alishastaafu na alikuwa nyumbani kutwa. Na alitaka Roza aende naye.

Rosebellah alizoea kusikia hadithi za wanawake wanaopitishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine kama sufuria ya kuazima. Lakini tangu siku ile ya wali ulioshika chini, kuna kitu kilikuwa kimebadilika ndani yake, na alijikuta akisema.

"Madam, baba, nitaenda. Nampenda Yumma. Lakini nataka kujua ikama yangu ya kuishi Saudia itakuwaje. Na nikiwa Jeddah nataka Ijumaa yangu, siku nzima, na simu yangu ikae kwangu."

Madam Hessa alimtazama mumewe. Kabla hawajasema chochote, sauti ilitoka chumba cha pili, kwenye ule mlango usiofungwa.

"Mpeni."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza Rosebellah kumsikia. Akaandika barua kwa mkono wake, akaipiga muhuri, akampa pamoja na kadi ya ikama yake aishike mwenyewe: kwamba anakwenda Jeddah kumhudumia mama, kwamba yeye ndiye atakayeendelea kulipa mshahara na kuwa kafili wake, kwamba Ijumaa ni yake.

*

Jeddah haikuwa Riyadh. Riyadh joto lilikuwa kavu, linakukausha kama nguo kwenye kamba. Jeddah lilikulowesha. Siku ya kwanza Rosebellah alipotoa bakuli kwenye friza, lilitoka jasho mara moja, na theluji ilikuwa uji kabla ya kufika barazani. Friza ya Madam Munira ilikuwa imejaa kondoo na sambusa mpaka mlango ulifungwa kwa goti. Madam Munira, mwanamke mnene mwenye mapenzi mengi na maswali mengi, aliliona lile bakuli akauliza hii ndiyo ile dawa aliyosimuliwa. Alipomwona mama yake ameinywa kwa kikombe, akatoa nusu ya nyama akampelekea jirani siku ile ile.

Walijifunza upya. Yumma alikula kulekule jikoni, kiti chake kikiwa karibu na friza, na kila mtu akawa anahamia jikoni kumfuata.

Kisha, baada ya dawa ya pili, Yumma alikataa. Alisema maziwa yananuka. Alisema kila kitu mdomoni kina ladha ya chuma, kama analamba funguo. Rosebellah alijaribu ndizi, alijaribu tende, alijaribu kuondoa unga wa lishe. Yumma aligeuza uso ukutani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Madam Munira alilia chooni akidhani hasikiki.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Rosebellah alitaka kubaki.

"Nenda," Yumma alimwambia bila kugeuka. "Ulipigania siku yako. Usinipe mimi."

Alipanda basi mpaka Sharafiya, ambako Selipher alimngoja nje ya duka la simu. Selipher alifahamiana naye Nairobi, kwenye yale mafunzo ya wiki mbili kabla ya kusafiri. Yeye aliletwa Jeddah, akamaliza mkataba wa nyumba, sasa alisafisha shule moja na kuishi mtaa wa Karantina katika chumba na wenzake wawili. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Mpishi wa Wakorea!" alipaza, watu wakageuka. Halafu akamwona uso. "Ni nini, my dear? Ni nyumbani?"

"Ni shosho wangu, yule bibi ninayemtunza. Hataki kula."

Waliingia kwenye mkahawa mdogo wa chai na mandazi. Rosebellah alieleza yote, hadi ile ladha ya chuma. Selipher alisikiliza huku akitafuna.

"Dada yangu alikuwa hivyo akiwa na mimba ya pili," alisema. "Kila kitu chuma, chuma. Unajua alikuwa anakula nini? Ukwaju. Alikuwa ananyonya ukwaju mpaka meno yanakufa ganzi."

Rosebellah aliweka kikombe chini. Kwa miaka mitano alikuwa amepika ukwaju kila jioni, akauchuja kwa kitambaa, akaufunga kwenye vikaratasi, na haikumjia hata mara moja kwamba ungeweza kutumika kwenye jambo hili. Alikuwa ameshikilia maziwa tu kwa sababu Wakorea wanatumia maziwa.

"Maliza chai twende," alisema.

"Twende wapi? Ni Ijumaa yako, bana, leo tulisema tunaenda baharini!"

"Tutaenda. Nisaidie kwanza."

Duka la tatu lilikuwa na ukwaju, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni, mweusi, mzuri, umekandamizwa pamoja na kokwa zake. Walikwenda baharini kweli, kwa sababu Selipher hakukubali vingine, wakakaa kwenye ukuta wakala mahindi ya kuchoma na kutazama watoto wakiendesha baiskeli. Selipher alimsimulia vituko vya mkuu wa wasafishaji wao mpaka Rosebellah akacheka kwa sauti. Lakini muda wote alikuwa ameshikilia ule ukwaju mapajani kama mkoba wenye pasipoti.

Aliporudi alimkuta Madam Munira jikoni, akamwambia anataka kujaribu kitu. Aliuloweka ukwaju, akauchemsha, akauchuja, akautia sukari na chumvi kidogo. Aliumimina kwenye mfuko bapa. Asubuhi aliupiga kwa mti wa chapati. Haukutoka theluji, ulitoka kama changarawe ndogo za kahawia zenye kung'aa. Alitia vijiko vitatu kwenye kikombe cha kahawa.

"Si maziwa, Yumma. Harufu hakuna. Nusa mwenyewe."

Yumma alinusa. Alifungua mdomo kidogo, kwa shingo upande. Vidonda safari hii vilikuwa vimepungua, na Rosebellah alikuwa ameomba Mungu ule uchachu usiviume. Macho ya mzee yalifumbuka ghafla, mashavu yakaingia ndani.

"Ya Allah!" alisema. "Ni mkali huu!"

"Niache?"

"Nani amesema uache?"

Alikula kikombe kizima, akaomba maji, na jioni akakubali mchuzi wa kuku uliopozwa. Ule uchachu ulikuwa umeisukuma ladha ya chuma pembeni kwa muda, na ule muda ndio walioutumia. Ikawa utaratibu: ukwaju kwanza, halafu haraka kitu cha kushibisha, kabla chuma haijarudi. Madam Munira aliiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friza, kwa Kiarabu, na Rosebellah akaandika chini yake kwa Kiswahili, kwa ajili yake mwenyewe.

Dawa ya mwisho ilipita. Mwezi ukapita. Daktari wa Jeddah alisoma vipimo, akasema maneno marefu, Madam Munira akaanza kulia kabla hayajaisha, na Rosebellah hakujua kama ni kilio cha heri au cha msiba mpaka Yumma mwenyewe alipomgeukia na kusema, "Roza, nimepona. Kwa sasa nimepona. Acha na wewe kulia, nani atanishika mkono?"

Mkataba wa Rosebellah ulikaribia kuisha. Madam Hessa alisafiri kutoka Riyadh pamoja na Lamar, akamuuliza mbele ya wote anataka nini. Rosebellah alikuwa ameshawaza majibu. Alitaka kwenda nyumbani miezi miwili, akae na Maureen likizo ya kufunga mwaka wa shule, kisha arudi kwa mkataba mwingine wa kukaa na Yumma hapo Jeddah, Ijumaa zikiwemo, na zimeandikwa ndani ya mkataba, si kwenye barua ya kando. Walikubali. Tiketi ilikatwa ya tarehe ishirini mwezi wa kumi na moja. Alimtumia Maureen picha ya ile tiketi, na Maureen akajibu kwa kumtumia picha ya ukuta wa chumba chao ambao alikuwa ameanza kuupaka rangi.

Wiki moja kabla ya safari, asubuhi mapema, Yumma alimgongea mlango. Alikuwa amevaa, mkongojo mkononi, na nywele fupi mpya zilizotoka zimejikunja, mvi tupu, zikichungulia kwenye mtandio.

"Vaa. Tunakwenda soko la samaki."

"Yumma, samaki tutaagiza wataleta."

"Miezi mingapi sijanusa kitu kizuri? Leo nimeamka nikasikia harufu ya kahawa kutoka nyumba ya jirani. Ya jirani, Roza! Sitaki kuletewa. Nataka kunusa."

Dereva wa Madam Munira aliwapeleka. Soko lilikuwa limelowa, lina kelele, samaki wamepangwa juu ya barafu, wekundu, wa buluu, wenye madoa. Yumma alitembea polepole kutoka meza hadi meza, akiegemea mkono wa Rosebellah, akivuta pumzi ndefu na kutabasamu kama mtu aliye kwenye bustani. Kwenye meza ya nne muuzaji aliwainulia samaki mwekundu, mnene, akaapa kwamba ametoka majini alfajiri ile.

Rosebellah alifungua shavu la samaki kwa kidole gumba, akatazama ndani. Halafu akamshika Yumma kiuno ili ainame vizuri. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia magamba, akanusa, akafikiri, akanusa tena.

"Huyu," alimwambia muuzaji, akiinuka kwa fahari, "ni wa juzi."

Watu wa meza za jirani waliangua kicheko. Muuzaji mwenyewe alicheka, akapeleka mkono chini ya meza na kutoa mwingine.